Kima punju wa Jozani: mla vidaka aliyegeuka mtaji

Mwaka 1868 mtaalamu wa wanyama wa London, John Edward Gray, alimtambulisha kwa wanasayansi kima mwenye mgongo mwekundu kutoka Unguja, akampa jina la John Kirk, daktari Mskoti aliyekuwa akitumikia ubalozi wa Uingereza kisiwani. Wenyeji walimjua zamani kwa jina la kima punju, na hawakumpenda. Ilisemwa kwamba ana sumu: mti anaoula hunyauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya.

Hapatikani kokote duniani ila Zanzibar. Kadiri misitu ilivyokatwa kwa mbao, kuni na mkaa, ndivyo alivyosogea mashambani. Mwaka 1974 baadhi yao walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, ili mbegu isipotee.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kijiji cha Pete, jirani na msitu wa Jozani. Kima punju hana kidole gumba, lakini hilo halimzuii kuukumbatia mnazi na kuchuma vidaka. Mkulima akihesabu hasara, mtalii alikuwa papo hapo chini ya mwembe wake anapiga picha, na kiingilio alikilipa kwingine.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1995, serikali na shirika la CARE walipoanzisha mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Wakulima walijiunga katika umoja wao, UWEMAJO, na sehemu ya fedha za watalii ikaanza kuwafikia wao na vijiji vinavyouzunguka msitu. Mwaka 2004 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Zanzibar.

Watafiti nao walikuja na majibu yasiyotarajiwa. Thomas Struhsaker na Kirstin Siex walihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, wakaona kwamba minazi iliyoliwa zaidi haikupungukiwa mavuno. Huenda kupunguza vidaka huvipa nafasi vinavyobaki. Kima wa mashambani walionekana pia wakiokota mkaa na kuutafuna. Majani ya mwembe na mkungu wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa.

Tumbo hilo ndilo sababu ya sharti la kutowapa chakula. Limeumbwa kwa majani na matunda mabichi. Ndizi mbivu ya mgeni yaweza kumdhuru. Kumgusa pia ni mwiko, na anayekohoa hatakiwi kumkaribia, maana maradhi ya binadamu huambukiza jamaa zake wa mtini.

Hatari nyingine ni barabara ya lami inayokata eneo lao kuelekea fukwe za kusini mashariki. Magari yaliwagonga wengi hadi matuta yalipowekwa. Vifo vikapungua, lakini havikwisha.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya makadirio ya awali. Asilimia 69 walikuwa ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa. Waliobaki wako kwenye vichaka na mashamba ya watu, ambako viwanja vinauzwa kwa ujenzi na mwenye mnazi hapati hata shilingi ya kiingilio cha Jozani.