Nyambizi Hazipimwi kwa Idadi Pekee

Kila ninapofundisha historia ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, huulizwa swali lilelile: nani alikuwa na nyambizi nyingi zaidi? Swali ni halali, lakini jibu lake halitufikishi mbali. Tutazame Bahari ya Pasifiki.

Desemba 1941 Japani iliingia vitani na Marekani ikiwa na nyambizi takriban 60. Marekani ilikuwa na zipatazo 50 katika bahari hiyo. Kwa silaha, Japani ilitangulia. Topido zake, yaani makombora ya chini ya maji, zilikuwa na kasi na nguvu kuliko za hasimu wake. Tarehe 15 Septemba 1942, nyambizi I-19 ilifyatua topido sita tu, ikaiangamiza Wasp, manowari ya kubeba ndege, na kuzijeruhi manowari nyingine mbili.

Topido ya Marekani, Mark 14, ilikuwa aibu. Kwa kubana matumizi, haikujaribiwa vya kutosha kabla ya vita. Ilipita chini mno ya shabaha, ililipuka kabla ya wakati, au iligonga meli isilipuke kabisa. Manahodha walilalamika, wataalamu wa ofisini wakadai kosa ni la wafyatuaji. Julai 1943 nyambizi Tinosa iliifyatulia meli moja ya Kijapani topido 15, na nyingi ziligonga bila kulipuka. Ndipo Admirali Charles Lockwood alipoamuru zijaribiwe huko Hawaii. Kasoro ikabainika, ikarekebishwa.

Japani, kwa upande wake, iling'ang'ania fundisho lake: nyambizi ni za kuwinda manowari. Haikuzitilia maanani meli za mizigo za adui, wala haikuzilinda ipasavyo za kwake. Baadaye nyambizi zake nyingi ziligeuzwa wachukuzi wa chakula cha askari waliokwama visiwani.

Matokeo tunayajua. Nyambizi za Marekani zilizamisha zaidi ya nusu ya shehena ya meli za biashara ambazo Japani ilizipoteza. Marekani ilipoteza nyambizi 52. Japani, takriban 130.

Ndugu msomaji, hasa wewe mtumishi wa umma, ushindi huo haukuletwa na wingi wa vyombo wala ubora wa silaha za awali. Uliletwa na kuchagua shabaha sahihi, na kusikiliza, ingawa kwa kuchelewa karibu miaka miwili, taarifa za walioko kazini. Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mark 14 yatufunza kwamba mkuu asiyesikia la mdogo naye huvunjika.