Upepo, Mvua na Siku ya Kazi Fizi

Anayekosa kazi kwa sababu ya mvua huitwa mvivu upesi. Historia ya Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, inakanusha hukumu hiyo. Katika ghuba inayokingwa na rasi ya Ubwari, ndagala, samaki wadogo, huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapokolea, taa haivuti tena samaki, na wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki huchafua ziwa, lakini upepo huohuo huinua kutoka vilindini rutuba inayowalisha samaki. Hivyo mvuvi anayesubiri upepo utulie yumo kazini: kujua siku ya kutoingia ziwani ni sehemu ya ufundi wake, na anayeidharau elimu hiyo huhatarisha maisha ya wenzake.

Utawala wa Kibelgiji ulikuja na hesabu nyingine. Tangu 1917 kilimo cha pamba kililazimishwa Kongo. Amri ya 1933 ikaweka siku 60 za kazi ya lazima kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1942, zikafikishwa 120. Lakini mvua iliyohitajiwa na pamba ndiyo iliyohitajiwa na mahindi na mihogo ya familia. Mkulima aliitwa na mvua moja kwenye mashamba mawili, na sheria ikalitambua moja tu. Aliyeonekana mtoro huenda alikuwa akiinamia jembe kwake, akitafuta chakula cha wanawe.

Wapo watakaosema kwamba kinachowazuia watu ni vita na ubovu wa barabara, si hali ya hewa. Ni kweli kwamba vita vya 1964 na 1996 viliondoa wengi makwao, na kwamba mvua haifungi barabara yenye daraja imara. Hoja hiyo inaniunga mkono: mvua hugeuka kizuizi pale matayarisho yanapokosekana. Wengine watauliza kama muuguzi naye afuate mwezi na upepo. La, mgonjwa hangoji kiangazi. Ndiyo maana muuguzi anahitaji nyumba karibu na kituo na daraja juu ya mto, si kukatwa mshahara mto unapofurika. Ratiba ya kazi Fizi ipangwe na wanaoyajua majira yake; adhabu imfuate yule tu aliyewezeshwa kufika, kisha akakataa.