Paa Lisiloonekana

Wenzangu hunicheka: kidato cha nne nimemaliza, kazi sina, nahangaika na riwaya isiyo na msomaji. Basi nawasimulia habari za Ödön Lechner, msanifu majengo wa Hungaria. Mwaka 1901 alimaliza Benki ya Akiba ya Posta, Budapest. Ukutani nyuki wanapanda kuelekea mizinga, ishara ya kuweka akiba. Haya. Lakini uhondo wenyewe kaupeleka paani: vigae vya kijani na manjano, mikia ya majoka. Ukisimama barabarani, mtaa ulivyo mwembamba, karibu huoni kitu! Serikali ikamnyima kazi kubwa tena, akafa 1914.

Mwaka 2022, mji uleule, Makumbusho ya Etnografia yalifunguliwa. Paa lake bustani, watu wanatembea juu. Lechner angepanda wa kwanza.