Reli na Barabara: Zawadi za Mahasimu

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Neno hilo ni kweli, lakini historia ya njia itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia yaonyesha jambo la pili: mahasimu huweza pia kuleta neema, nayo neema hiyo ikawa mzigo.

Zambia ilipata uhuru mwaka 1964. Shaba, iliyokuwa riziki yake, ilipitia Rhodesia ya Kusini kuelekea baharini. Novemba 1965 walowezi wa huko walipojitangazia uhuru wao, njia hiyo ikawa mikononi mwa adui. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda walitaka reli ya kufika Dar es Salaam; Benki ya Dunia ilikwisha kuikataa, ikisema haitaleta faida, na dola za Magharibi hazikukubali kuijenga.

Uchina, yenyewe maskini siku zile, lakini ikishindana na Marekani na Urusi pia katika kutafuta marafiki, ilikubali. Mapatano yalitiwa sahihi Septemba 1967. Kazi ikaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa. Mkopo haukuwa na riba, ila gharama za ndani zililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina madukani. Wakati huo huo Marekani ilisaidia kujenga barabara kuu kuelekea huko huko.

Basi nchi mbili zilizokosa njia hata moja zikapata mbili, na zote mbili zilitaka kutunzwa. Malori yakagombea mizigo na mabehewa. Oktoba 1978 Zambia, kwa dhiki, ikarudia njia ya kusini. Reli iliyokusudiwa kuchukua tani 2,000,000 kwa mwaka haikufikia kiasi hicho kamwe; mwaka wa 2014/15 ilichukua chini ya tani 100,000. Mahasimu hupenda kujenga, maana jengo huonekana. Vipuri havikatiwi utepe.

Mashindano hayo yamerudi. Marekani na Umoja wa Ulaya zaunga mkono reli ya Lobito, bandari ya Angola katika Atlantiki. Nayo Uchina, Septemba 2024, iliafikiana na Tanzania na Zambia kuifufua reli ya zamani. Shaba ni ile ile. Ugomvi wa wakubwa humpa mdogo nafasi ya kuchagua, lakini haumpi uwezo wa kukitunza alichokichagua. Huo hana budi kuutafuta mwenyewe, tena kabla hajatia sahihi.