Eti Ametoroka

Kuna neno moja naliogopa kuliko kisu: "ametoroka".

Tarehe 11 Desemba 1978, mjini Des Plaines karibu na Chicago, kijana wa miaka 15, mfanyakazi wa duka la dawa, alimwomba mama yake amsubiri kidogo. Anakwenda kuongea na mkandarasi juu ya kibarua. Hakurudi.

Usiku ule ule wazazi wakaenda polisi. Luteni Joseph Kozenczak, ambaye mwanawe alisoma shule moja na kijana huyo, hakusema ametoroka. Alimfuata mkandarasi, John Wayne Gacy, akagundua kwamba mwaka 1968 alihukumiwa kule Iowa kwa kumlawiti kijana. Nyumbani kwa Gacy ikapatikana risiti ya kusafishia picha, ya duka lile lile. Siku 10 tu, Gacy kakamatwa! Chini ya sakafu yake zikafukuliwa maiti 26. Jumla aliua watu 33, vijana na wavulana, tangu 1972.

Sasa nauliza, wale 32 wa mwanzo hawakuwa na mama? Walikuwa nao. Wapo wazazi waliokwenda polisi mara nyingi, tangu 1975, wakamtaja Gacy kwa jina. Wakajibiwa eti mtoto ametoroka, atarudi.

Gacy aliuawa kwa sindano ya sumu mwaka 1994. Hadi 2021, watano kati ya wale 33 walikuwa bado hawajajulikana majina. Nao, pengine, kuna mahali waliandikwa wametoroka.