Vielelezo vya Wanyama na Majina Yao: Mbale na Jinja

Walimu wengi wa lugha hudhani kwamba hifadhi ya vielelezo vya wanyama chuoni inawahusu wanazuolojia peke yao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa nasi tuna kazi humo.

Tuanze na Mbale. Mwaka 1890 Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda, alipanda Mlima Elgon. Ndege waliokusanywa enzi hizo walichunwa, ngozi zikajazwa pamba na kufungwa kibandiko mguuni. Mwaka 1891 kwale wa mlima huo alipewa jina la kisayansi: elgonensis. Wagisu huuita mlima huo Masaba, lakini jina la kwale lilifuata ramani.

Tukija Jinja, shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa samaki wa maji baridi lilianzishwa hapo mwaka 1947. Katika miaka ya 1950 Humphry Greenwood aliwachunguza samaki wadogo wa Ziwa Victoria waitwao nkejje kwa Kiganda na furu kwa Kiswahili. Mnunuzi sokoni aliona nkejje tu. Greenwood alilinganisha meno na mataya, akatambua spishi nyingi. Samaki hao hutiwa fomalini, kisha huhifadhiwa katika spiriti pamoja na kibandiko chenye mahali na tarehe.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka hiyo ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea mno, na wanasayansi wamekadiria kuwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka. Kwa baadhi yao, ushahidi uliobaki ni samaki aliye ndani ya chupa.

Chupa huhifadhi mwili. Haihifadhi jina alilolitumia mvuvi, wala maelezo yake kuhusu mahali samaki alipozaliana na jinsi alivyopikwa. Kazi hiyo ni yetu. Makumbusho ya Zuolojia ya Makerere yana vielelezo vya kufundishia. Wanafunzi wetu wavitazame, kisha waende kwa wazee wa mialoni Jinja na wa vijiji vya Mbale wakusanye majina. Kila jina liandikiwe lugha yake, mahali, tarehe na msemaji. Mwanazuolojia hapokei samaki asiye na kibandiko, na sisi tusipokee neno lisilo nacho.