Kurudia Yuniti Ndio Upandishe Gredi? Piga Hesabu Kwanza

Komredi, umegongwa D na unataka kurudia yuniti? Tulia. Vyuo vingi hapa Kenya, ukishafikisha 40 umepita, hakuna kurudia. Ukianguka unafanya sup, na hata ukiandika kama profesa, mara nyingi unawekewa 40 tu.

Chuo chako kinaruhusu? Haya, chukua digrii ya yuniti 40. Kutoa moja kutoka 45 hadi 65 kunapandisha wastani wako nusu maksi pekee. Kama uko 59.6, hiyo nusu inakupeleka second upper, lipa leo. Uko 53? Hiyo ganji kula nayo chapo.

Sup nazo usiziache zirundikane. Mimi nilibeba tatu hadi mwaka wa tatu, zikanirudisha mtaani.